Unyoya ulionipa koyote kuliko sanamu

Mzee mmoja mfugaji huku South Dakota, Marekani, aliniomba nimpunguzie koyote kabla ng'ombe wake hawajaanza kuzaa. Koyote ni jamaa ya bweha wetu, ila mkubwa zaidi, na pua yake haina mchezo.

Nilianza Desemba na sanamu ya koyote, ya kuwavutia waje karibu niwapige. Siku ya kwanza wawili walichungulia kutoka kilimani, wakaitazama, wakageuka. Mzee akaniambia niihifadhi mpaka Februari, msimu wao wa kupandana, dume anapomwonea wivu mgeni. Desemba wanatafuta chakula, ugomvi hawautaki.

Nikaleta sungura wa kitambaa, mweupe. Juu ya theluji hata mimi mwenyewe sikumwona! Baadaye nikapata kile kifaa cha mota kinachorusharusha kipande cha manyoya kwenye waya. Ni kizuri, lakini kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri betri za kawaida zilikata roho mapema. Za lithiamu zilivumilia. Mlio wa mota sikuupenda kabisa, maana asubuhi tulivu unafika mbali.

Mwisho nikaokota unyoya wa bata mzinga, wenye mistari ya kahawia na nyeusi, nikaufunga kwa uzi wa kuvulia samaki kwenye kijiti cha urefu wa goti. Upepo kidogo tu, unacheza kama ndege aliyevunjika bawa. Hauna betri wala sauti, na kwenye weupe ule unaonekana kutoka mbali.

Pa kuuweka ndipo penye kazi. Koyote akisikia mlio wa sungura anayelia, haji moja kwa moja. Huzunguka aende upande ambako upepo unaelekea ukitoka kwenye mlio, anuse kwanza. Kwa hiyo spika inayotoa mlio huo na unyoya niliviweka hatua 40 hivi mbele yangu, upande unakotoka upepo. Akizunguka, anapita kati yangu na unyoya kabla harufu yangu haijamfikia. Tena macho yake yanakuwa kule, hayapo kwangu.

Jumamosi iliyofuata alitokea dume, mvuke ukimtoka puani, barafu imemganda kwenye ndevu. Akasimama, mguu mmoja juu, macho kwenye unyoya. Nikainua bunduki taratibu. Hakugeuza hata sikio.