Ndani ya mfereji wa Hezekia

Mwaka 2017 nilikwenda Yerusalemu na mahujaji wa usharika wetu wa Kilimanjaro, na kufikia asubuhi tuliyoteremka kwenye chemchemi ya Gihoni nilikuwa nimeshachoshwa na foleni. Kaburi la Bwana tulionyeshwa mara mbili: moja ndani ya kanisa lenye moshi wa ubani na msongamano wa kukanyagana, jingine kwenye bustani tulivu nje ya kuta za mji wa kale. Wenzangu walilia pote pawili. Mimi sikulia popote, nikabaki najiuliza kama imani yangu ina kasoro.

Gihoni iko chini ya kilima cha Mji wa Daudi, na juu yake zimepangana nyumba za Wapalestina wa Silwan. Mwongozaji wetu hakutaka tupite pale kama vipofu. Alituambia kwamba uchimbaji wa mambo ya kale unaofanywa chini ya mtaa ule ni ugomvi mkubwa, kisha akauliza nani anapita majini, ndani ya mfereji wa Hezekia, na nani anapita njia kavu. Wengi wakachagua njia kavu, ambayo nayo ni handaki la kale. Tukabaki vijana, mimi, na mzee mmoja fundi mwashi mstaafu ambaye alikuwa ameshakunja suruali.

"Mzee, maji yanafika mapajani," nikamwambia.

"Mwanangu, nimechimba misingi nikiwa kwenye maji ya kiunoni. Washa tochi."

Habari yenyewe iko kwenye 2 Nyakati sura ya 32. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda mwaka 701 KK, na Hezekia, mfalme wa Yuda, akaona ni upuuzi kuwaachia adui chemchemi nje ya ukuta. Akaifunika, akayaelekeza maji mjini kupitia ndani ya mwamba. Handaki lina mita 533 za kupindapinda, na tangu mwanzo hadi mwisho linashuka kwa takriban sentimita 30 tu. Sisi tuliokulia kando ya mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia ya Uchagani, tunajua maji yanavyobembelezwa ili yatembee, lakini mfongo unauchimba juani ukiona unakokwenda. Mzee aliposikia hizo sentimita 30 alisimama palepale majini. "Bila pima maji?" akauliza, akitaka jibu hasa.

Ndani ni pembamba, mnapita mmoja mmoja, na mahali pengine inabidi uiname. Maji yalikuwa baridi ya kuumiza vifundo. Nilichokishangaa zaidi ni ukuta. Alama za sururu zimejaa kila mahali, mistari ya mshazari iliyo wazi kama ya jana, na mzee alizipapasa kwa kiganja akizisoma. "Huyu alikuwa na nguvu. Huyu hapa amechoka, tazama, anapiga juujuu." Vijana wa mbele walikuwa wanaimba pambio, yeye aliwapigia kelele wanyamaze, anafanya kazi.

Kufika karibu na katikati handaki linaanza kuyumba, mara kushoto, mara kulia, na kuna vichochoro vifupi vilivyoanzwa vikaachwa. Hapo ndipo makundi mawili ya wachimbaji, moja likitokea Gihoni na jingine Siloamu, mwisho wa handaki, yalikuwa yanatafutana. Ukimulika vizuri unaona alama za sururu zinageuka: zilizokuwa zinaelekea mbele sasa zinakujia wewe. Mzee alirudi nyuma hatua chache, akaenda mbele tena, akarudi, mpaka tukapata msongamano wetu wenyewe.

Mwaka 1880 watoto waliokuwa wanacheza majini waliona maandishi ukutani, karibu na upande wa Siloamu. Ni mistari sita ya Kiebrania cha kale. Baadaye jiwe lilibanduliwa, na sasa liko Istanbul. Linasema kwamba zilipobaki dhiraa tatu, sauti ya mtu ilisikika ikimwita mwenzake; kisha sururu ikakutana na sururu, na maji yakatembea dhiraa 1,200. Hezekia hatajwi hata kidogo. Nimeusikia mstari wa mfereji ule ukisomwa kanisani tangu utotoni na mawazo yangu yote yalikuwa kwa mfalme, kana kwamba alishika sururu yeye.

Tulitokea kwenye kidimbwi chenye vipande vya nguzo, ambacho kwa karne nyingi wageni waliambiwa ndicho birika la Siloamu. Mwaka 2004, mafundi wakitengeneza bomba la majitaka hatua chache kutoka pale, zikafukuka ngazi pana za mawe za birika la wakati wa Yesu. Mchungaji alitusomea Yohana 9 juu ya ngazi hizo, habari za kipofu aliyetumwa kunawa. Mzee alimnong'oneza mwongozaji: wale wachimbaji walilipwa? Mwongozaji akacheka, akasema jiwe lenyewe halikugusia mshahara.

Usiku hotelini kila mtu alitoa ushuhuda. Wengi walizungumzia Kaburi. Zamu ya mzee ilipofika alieleza mteremko wa sentimita 30, akaomba kalamu, akachora handaki zima kwenye karatasi ya kufutia mikono, na alikuwa bado kwenye kona ya tatu mchungaji alipomkumbusha kwamba chakula kinapoa.