Uzi wa Mti wa Krismasi na Paka Wetu

Desemba inapoingia, mikrismasi ya mtaani ikiwa imejaa maua mekundu, sisi hapa Tabata hushusha boksi la mapambo kutoka juu ya kabati, na paka wetu Majivu huwa wa kwanza kuingia ndani yake. Mwaka huu nimelipekua mwenyewe kabla hajaliona, nikatoa kila kitu chenye umbo la uzi.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua Kariakoo fungu la nyuzi za rangi ya fedha zinazometameta. Hatari niliyoiwaza ilikuwa mti kuanguka, kwa hiyo niliufunga kwenye nondo za dirisha nikaridhika. Siku ya pili baada ya Krismasi Majivu alitapika mara nne, akakataa hata dagaa, akajikunyata chini ya meza huku mate yakimchuruzika. Daktari wa mifugo alipomfungua kinywa na kuuinua ulimi, tuliona uzi mmoja mwembamba umelizunguka shina la ulimi na kuzama kwenye nyama, ncha zake zikiwa zimeelekea kooni. Mama mdogo, kwa huruma, alinyoosha mkono auvute, na daktari akamzuia kwa ukali.

Alitueleza kwamba ulimi wa paka una vimiba vilivyoelekea nyuma, hivyo uzi ukishanasa humwia vigumu kuutema, naye huendelea kuumeza. Upande mmoja ukishikwa chini ya ulimi na mwingine ukishuka tumboni, utumbo hujikusanya juu ya uzi kama kiuno cha kaptula unapovuta kamba yake, na uzi uliokazwa unaweza kuukata utumbo kama msumeno. Kuuvuta kunaweza kumuua mnyama. Majivu alipasuliwa siku hiyo hiyo, akapona. Utepe wa zawadi na uzi wa kushonea hudhuru vivyo hivyo.

Baada ya hapo nilianza kuuliza mengine. Maua yanayouzwa kwa jina la lili, yale makubwa yenye chavua ya rangi ya chungwa, hayaingii tena nyumbani kwetu hata yakiletwa na mgeni, kwa sababu paka akila jani lake, au akilamba chavua iliyomwangukia manyoya, au akinywa maji ya chombo chake, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku tatu. Kitunguu cha pilau nacho ni sumu kwao.

Kuhusu taa, tatizo letu la Dar es Salaam ni kwamba umeme ukikatika jioni tunasahau kuzichomoa, kisha unarudi usiku wa manane sote tukiwa tumelala na paka yuko macho karibu na waya. Akiung'ata huungua kinywa, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata kama mwanzoni alionekana mzima. Sasa taa huchomolewa mara tu umeme unapokatika.

Mti wa mwaka huu ni tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga, na mapambo ni maua ya karatasi ngumu yaliyoshikizwa kwa vibanio vya nguo vya mbao. Namba ya daktari nimeibandika kwenye friji, pamoja na siku ambazo kliniki yake itakuwa imefungwa na namba ya mwenzake atakayekuwa zamu.