Shaba yetu inalia ng'ambo

Kila nikiona malori ya katodi, zile bamba za shaba safi, yanashuka kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mi nawaza muziki. Wengine wanawaza dola, sawa, ni haki yao, lakini mimi napiga batri, zile ngoma za bendi, ku kanisa hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, na matoazi yale yaliyo mbele yangu njo shaba hiyohiyo, imezunguka dunia imerudi na bei ya kutisha.

Matoazi ni ya zamani sana, ila haya ya batri tunayoyajua yana ukoo wake Istanbul. Karne ya 17 fundi mmoja Muarmenia, Avedis, alichanganya shaba na bati akapata kitu kinachovuma muda mrefu bila kuvunjika, Sultani akafurahi, yule fundi akapewa jina la Zildjian, na kampuni ya ukoo wake inajihesabia umri tangu 1623. Toka 1929 wanafulia Marekani. Na mchanganyiko wa toazi zuri mpaka leo ni karibu asilimia 80 shaba, asilimia 20 bati. Sasa hesabu na wewe: shaba iko hapa, Likasi, Kolwezi, na bati ilichimbwa Manono miaka na miaka, mpaka leo inatoka Maniema na Kivu. Vyote viwili nchi moja jamani!

Shaba peke yake ni laini, ukiigonga inasema "tup" inanyamaza. Bati njo inaipa ugumu na sauti, ila ukizidisha inavunjika kama kioo. Kwa hiyo fundi anamimina kisahani kinene, anakichoma mpaka kinakuwa chekundu, anakipitisha ku mashini ya kukandamiza, anachoma tena, anapitisha tena. Halafu sikia hii, mi ilinifurahisha kweli: kisu cha moto ukikizamisha ndani ya maji kinakuwa kigumu, lakini shaba ya matoazi ukiizamisha inakuwa laini, njo maana inakubali nyundo. Mwishoni wanaikwangua, na ile mistari ya duara unayoona juu ya toazi si urembo, ni alama za kukwangua, hapo njo fundi anapanga unene, na unene njo sauti.

Toazi likipasuka huwezi kulichomelea, moto unaharibu ile sauti. La kwetu kanisani lilipata ufa ukingoni, tukatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee. Linalia bado, sauti fupi kidogo lakini linalia. Yale ya bei nafuu mengi ni shaba na zinki, na zinki nayo, angalia Kipushi, kilomita kama 30 tu kutoka hapa, uzalishaji umeanza tena 2024.

Si matoazi tu. Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, asili yake ni ngoma pacha za Waarabu zinazoitwa nakara, na bakuli la timpani nzuri ni shaba iliyofuliwa. Gongo za Java ni shaba na bati vilevile. Na sisi? Walunda na Waluba wana kengele pacha ya chuma isiyo na ulimi, lubembo, inagongwa kwa fimbo mbele ya wafalme. Chombo kikubwa sana kile, kinanipendeza kuliko batri yenyewe.

Lakini watu wanaonipa moyo zaidi ni wa Trinidad. Waingereza waliwakataza ngoma za ngozi miaka ya 1880, wakagonga mianzi, miaka ya 1930 wakaanza kugonga makopo na vyuma vya kutupwa, halafu wakashika mapipa ya mafuta, yale ya lita kama 200, wakayafua kitako kiingie ndani, wakagawa sehemu sehemu, kila sehemu noti yake. Mwaka 1951 kikundi chao kilipiga London. Pipa tupu, ndugu zangu! Hawakungoja kiwanda.

Kwetu huku kuko mafundi wanaofua picha za shaba kwa nyundo, kuko vijana wanaoyeyusha aluminiamu chakavu na kumimina sufuria. Na wazee wa Katanga walikuwa wanamimina misalaba ya shaba kwenye kalibu karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika, imekutwa mpaka ku makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Kazi hii haikuja na ndege.

Kwa hiyo kama wewe ni fundi wa kuyeyusha, uko Ruashi, Kampemba ama Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi, si nchi), niandikie hapa chini. Tusianze na toazi, linataka mashini ya kukandamiza. Tuanze na kengele, mchanganyiko wake unakaribiana na ule wa toazi na kalibu ya mchanga inatosha. Bati nitaitafuta mimi.