Kufundisha mikono kupitia simu

Leo nimefundisha kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Wanafunzi wangu wa udaktari walikuwa majumbani kwao, kila mmoja amepiga magoti mbele ya mto wa kulalia.

Kasi haikusumbua: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, tulihesabu pamoja kwa sauti. Shida ilikuwa kina. Mtu mzima anahitaji sentimita 5 hadi 6, lakini mto haurudishi nguvu kama mbavu zinavyorudisha, na kamera ikiwa usoni sioni chochote cha maana. Nikawaomba waweke simu sakafuni, ubavuni mwao. Hapo ndipo nilipomwona mmoja anakunja viwiko kila akishuka! Nikamwambia anyooshe mikono, mabega yakae juu ya viganja, ashuke na uzito wa mwili. Baada ya dakika mbili akasema, akihema, "Mwalimu, kumbe kazi ni ya mwili mzima."

Nimefurahi mno. Hata hivyo, hakuna atakayemgusa mgonjwa kabla hajafanya zoezi hili kwenye mdoli, mimi nikiwa kando yake. Hapo silegezi.