Kula nje bila ngano: anza na karai, menyu baadaye

Ukimwambia mhudumu wa Dar "sili gluteni", atatabasamu, atasema hamna shida, kisha atakuletea wali maharage na chapati imelazwa juu yake. Gluteni ni neno lisilomwambia kitu. Sema ngano, na usiishie hapo, maana kwa wengi "sili ngano" ni sawa na kusema hutaki chapati wala mkate. Kauli inayofika jikoni ni ndefu kidogo: "Dada, samahani, ngano inaniumiza. Siyo chapati tu. Hata kijiko cha unga wa ngano kwenye mchuzi, hata mafuta yaliyokaangia maandazi. Naomba uniulizie kwa mpishi." Neno "unga" nalo usilitumie peke yake. Unga kwanza ni sembe, na utanyimwa ugali ambao ungekula bila wasiwasi.

Jibu la "haina shida" lililokuja kabla hujamaliza sentensi ni dalili mbaya. "Ngoja nikamuulize mama jikoni" ni nzuri. Nzuri kuliko zote ni mhudumu anayerudi na swali lake mwenyewe: mchuzi wa kuku tunautia unga kidogo, nikuwekee wa samaki?

Ukali huu una sababu. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, na kwa mwenye ugonjwa wa siliaki huufanya mwili ushambulie ukuta wa utumbo wake mwembamba. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 2. Miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi kadhaa, zimeonekana kuharibu utumbo. Gawa slesi hiyo mara arobaini, ndipo utaona kwa nini kuondoa chapati juu ya wali na kurudisha sahani ileile si suluhisho.

Kwa upande wa chakula chenyewe, mtu wa pwani ana bahati. Ugali (au sima, ukiwa Mombasa), wali wa nazi, ndizi, muhogo, viazi, makande, kunde, mchicha, mtama, ulezi, uwele: vyote asili yake havina gluteni. Hatari huingia kwa mlango wa nyuma, na mlango mkubwa kuliko yote ni karai.

Fuatilia siku ya karai moja katika mgahawa wa kawaida. Saa 12 asubuhi limekaanga maandazi. Saa 4 sambusa. Saa 6 mchana mafuta yaleyale yanapokea samaki, halafu chips. Unga uliopukutika kwenye maandazi umetua chini na kuwa chenga nyeusi. Mpishi akichuja, chenga zinabaki kwenye chujio lakini vumbi laini linapita. Moto nao hausaidii: nyuzi 180 za mafuta ya kukaangia haziondoi gluteni. Kwa hiyo usiulize "mafuta yenu ni masafi?" kwa sababu hakuna aliyewahi kujibu hapana. Uliza: "Mafuta haya yamekaangia nini tangu asubuhi?" Hilo lina jibu la kweli.

Kama jibu ni sambusa, omba samaki wako akaangwe peke yake kwenye kikaango kidogo kilichooshwa kwa sabuni, mafuta mapya kikombe kimoja, dakika tano au sita kila upande. Hapo kuna swali la pili. Wapishi wengi humpaka samaki unga wa ngano ili asigande. Hana haja nao. Samaki hugandia kikaango kwa sababu ana maji au kwa sababu mafuta hayajapata moto. Akikaushwa vizuri kwa kitambaa safi, akapakwa chumvi na ndimu mapema na kufutwa tena kabla ya kuingia kwenye mafuta yaliyoshika moto sawasawa, anageuka bila kuacha ngozi. Akilazimika kupakwa kitu, unga wa mchele unatosha.

Ndiyo maana banda la chips la mtaani mara nyingi ni salama kuliko hoteli yenye vitambaa mezani. Banda linakaanga viazi, basi. Hoteli ina karai moja la viazi, sambusa, na vipande vya samaki vilivyovingirishwa kwenye chenga za mkate. Bandani kagua vitu viwili: kama kuku anapakwa unga na kuzamishwa humo humo, na kama wanauza soseji, kwani soseji nyingi hutiwa chenga za mkate au ngano ili zijae. Chips mayai haina tatizo ikiwa kikaango chake hakipikii chapati.

Chuma cha chapati, kwa kweli, nakiogopa kuliko karai. Hakioshwi. Hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho ndicho kinachofuta kila kitu. Kimanda kilichopikwa juu yake si chako. Kibao cha kusukumia nacho kina mikwaruzo inayoshika unga, na ukiona mchicha unakatiwa hapo, achana na mchicha.

Mlango wa pili ni uzito wa mchuzi. Samaki wa kupaka anatakiwa azame kwenye tui zito lililochemshwa likapungua, lakini tui likiwa jepesi na wateja wamejaa, kijiko cha ngano kinaokoa dakika ishirini. Rojo la aina hiyo mara nyingi huonekana kwa macho: ni zito kama gundi na likipoa linashika utando. Tui lililopungua lenyewe hutoa mafuta pembeni. Maharage na mchuzi wa nyama hupatwa na janja hiyohiyo. Viungo vya pakiti na vidonge vya supu hutofautiana, kwa hiyo omba uoneshwe pakiti. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano pia, na huingia kwenye mishkaki ya mahoteli. Mishkaki ya papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu haina neno.

Kuna vyakula ambavyo majina yake hayakuonyi. Bokoboko ni ngano nzima iliyopondwa na nyama. Mgeni huidhani mchele. Urojo wa Zanzibar, uzito wake kwa kawaida ni unga wa ngano uliokorogwa na manjano na embe bichi au ndimu, hivyo hata ukiondoa kachori, bakuli lenyewe halikufai. Kababu hushikizwa kwa mkate uliolowekwa. Tambi ni ngano. Uji wa ulezi mtupu ni sawa, lakini uji wa lishe ni mchanganyiko, na ngano ni mgeni wa mara kwa mara humo. Bhajia za dengu na za kunde ni salama hadi mpishi aongeze ngano ili zikauke vizuri, au azitie kwenye karai la sambusa.

Vitumbua vinastahili maneno yake. Vya kweli ni mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa na tui, hamira na iliki. Chuma chake chenye vishimo hakipiki kitu kingine, na hilo peke yake ni ulinzi mkubwa. Tatizo ni wanaotia vijiko viwili vya ngano ili rojo lishikane. Kivunje: cha mchele kinakatika kwa punje, chenye ngano nyingi huweza kuvutika kama andazi. Lakini usivunje kwa kuonja. Uliza kwanza, mvunjo uwe ushahidi wa pili. Mkate wa kumimina nao ni mchele, swali ni hilohilo.

Kwenye migahawa ya Kihindi ya Nairobi na Dar, dosa (mkate mwembamba wa kikaangoni) na idli (vikate vya mvuke) za mchele na choroko nyeupe ni chaguo zuri, ila dosa ya suji ni ngano. Uliza pia juu ya mvuje, kile kiungo chenye harufu kali: ule wa unga unaouzwa madukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, nao umo kwenye sambar (mchuzi wa dengu na mboga) na dengu nyingi. Injera, mkate mwembamba wa Wahabeshi, ni mtihani mwingine. Teff, nafaka ndogo inayotengenezewa injera, haina gluteni, lakini ni ghali nje ya Ethiopia, kwa hiyo injera nyingi huongezewa ngano au shayiri. Uliza kama ni teff tupu, na kama wanapika tupu kwa oda ya siku moja kabla.

Bafe niiseme kwa ufupi: pawa zinahama sufuria. Omba upakuliwe jikoni kabla chakula hakijatoka.

Mgahawa unaojua kazi hii hauhitaji vifaa vya bei. Una mwiko mmoja na kikaango kimoja vyenye alama, pengine utepe wa rangi kwenye mpini, vinavyotundikwa mbali na pale chapati zinaposukumwa, kwa sababu unga mkavu hupaa na kutua kila mahali. Oda inaandikwa "HAPANA NGANO" juu kabisa ya karatasi, siyo pembeni. Mpishi ananawa kabla ya kuianza, na sahani inaletwa na mtu mmoja, peke yake, bila kupandana mkononi na ya chapati. Wewe wasaidie kwa kufika saa 5 na nusu au baada ya saa 8. Saa 7 mchana hakuna jikoni linalosikiliza mtu.

Ikitokea sahani imekuja na chapati au sambusa pembeni, usiirudishe papo hapo. Mwambie mhudumu kwa upole akuletee nyingine, na hiyo yenye kosa ibaki mezani mpaka mpya ifike. Ikienda jikoni, itaondolewa chapati na kurudi.