Na Uvira je?

Wiki iliyopita binti yangu alishikwa na homa. Dawa yake ya maji inapimwa kwa bomba la sindano, lile lisilo na sindano yenyewe. Nilipokuwa navuta mililita 5, akaniuliza, "Papa, hii mistari ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kupimia. Akanywa, akalala. Usingizi wangu ndio ulioruka, maana vidole vyangu vilikuwa vimelishika bomba lile vilevile kama usiku ule wa Kadutu, mjini Bukavu, kwenye karakana ya baba mdogo, kulasi ya Corolla, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ikiwa imelazwa chali mezani.

Ilikuwa 2011. Injini ni ile 4A-FE, silinda 4, cc 1587, kompresheni ya kiwandani, yaani mara ngapi mchanganyiko wa hewa na esansi (petroli) unabanwa, 9.5 kwa 1. Njia za hewa nilikuwa nimeshazipanua, bomba la moshi nimeshabadilisha, bado namba ile ikanikaa rohoni. Tukakipaka grisi kipande cha kioo chenye tundu, tukakibandika juu ya chumba cha silinda, tukaanza kumimina mafuta ya taa kwa bomba la mililita 20, tone kwa tone, hadi kiputo cha mwisho kikakimbilia tundu na kutoka. Nikajumlisha nafasi ya gasketi na ile ya juu ya pistoni, nikapata cc 46 na nusu hivi. Pistoni yenyewe ikipanda inafagia cc 397. Jumlisha zote mbili, gawanya kwa ile ndogo: 9.5. Kitabu hakikudanganya, na mimi nikajiona nimeshakuwa fundi.

Baba mdogo akasema twende 9.8, basi. Mimi nikataka 10.5. Nilikuwa na hoja, na hoja haikuwa ya uongo: Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, kila silinda inameza hewa pungufu kuliko injini ya pwani, kwa hiyo hata ukiubana mchanganyiko zaidi, joto na shinikizo la ndani havifiki kule kwenye hatari. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akauliza, "Na Uvira je?"

"Uvira, kule chini ziwani, naenda mara ngapi kwa mwaka, baba?"

Hakusema kitu tena. Kesho yake kulasi ikapelekwa kuchongwa, zaidi kidogo ya milimita 1, ili chumba kipungue na kompresheni ifike 10.5.

Mwezi mzima gari lilikuwa tamu. Mlima wa Kadutu niliupanda kwa gia ya tatu nikiwa na watu watatu nyuma.

Kisha tukapata msiba Uvira. Kwenda hakukuwa na shida, njia inashuka. Kurudi tulikuwa watu watano, gunia la mchele, ndagala juu yake, na esansi niliyonunua kwa kadhafi, muuzaji wa barabarani, kutoka kwenye bidoni la njano. Saa nane mchana, jua la bonde la Ruzizi. Tukapita Kamanyola, mlima wa Ngomo ukaanza.

Nikakanyaga. Ndipo nikasikia kitu kama maharagwe makavu yanayotikiswa ndani ya kopo. Tk-tk-tk-tk, laini, karibu ya kupendeza. Nikadhani ni mawe madogo yanapiga chini ya gari, barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi na kokoto. Nikakanyaga zaidi, sauti ikaongezeka. Nikaachia, ikanyamaza. Nikakanyaga tena, ikarudi. Baba mdogo alikuwa kando yangu, amefumba macho, nikidhani amesinzia.

"Mawe hayangojei mguu wako," akasema. "Simama."

Mama mdogo na wengine wakashuka wakakaa kivulini. Tukangoja injini ipoe kidogo, akafungua buji (plagi) ya silinda ya tatu kwa kitambaa, akaigeuza kwenye jua, akanipa. Ile kauri nyeupe ya ncha ilikuwa na vitone vidogo vya kijivu, vinang'aa, kama mtu ameipulizia unga wa fedha. Nilijaribu kukikwangua kimoja kwa ukucha, hakikutoka.

"Unajua hiyo ni nini?"

Nilijua. Ilikuwa alumini. Ilikuwa pistoni yangu.

Esansi ilikuwa inajiwasha kwa kubanwa na joto, nje ya zamu yake, na kila mlio ule mdogo ulikuwa nyundo. Chini kule hewa ni nzito na ya moto, mzigo ni mkubwa, na bidoni la kadhafi nani ajuaye limechanganywa na mafuta ya taa kiasi gani. Akalegeza delko, ile inayogawa cheche kwa buji, akairudisha nyuma kidogo ili moto uchelewe. Mama mdogo na mchele wake wakapanda lori. Sisi tukangoja jua lishuke, tukapanda Ngomo kwa gia ya pili, mguu mwepesi, bila kuongea.

Tulipofungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa imeliwa ukingoni kama mkate uliopitiwa na panya. Tukatafuta nyingine, tukakata bamba la shaba la nusu milimita tukaliweka pamoja na gasketi. Nikapiga hesabu upya: 9.9.

Hadi leo sijui kama 10.5 ingedumu endapo ningejaza tanki mjini, kwenye kituo. Nimelipigia hesabu mara nyingi. Lakini linalonisumbua zaidi ni jingine: baba mdogo alijua, na bado akapanda gari lile, akamruhusu mke wake apande. Nilimuuliza mara moja tu. Alikuwa ameinama juu ya kulasi, ananigongea namba ubavuni kwa patasi ndogo, 9 na kitone na 9, ili yeyote atakayeifungua baada yetu asiichonge tena. Akamaliza tarakimu ya mwisho, akapuliza vumbi, akaniambia nimletee gasketi.