Waya mfupi unaosahaulika kati ya modemu na ruta

Intaneti ikianza kukatika-katika, wengi huzima kila kitu ukutani, huhesabu hadi kumi, kisha huwasha tena. Hurudi, naam. Lakini kwa kuzima vyote pamoja umefuta ushahidi, na kesho baada ya isha itakatika palepale bila wewe kujua palepale ni wapi. Kabla hujagusa swichi, tazama taa.

Nyumba yenye faiba, yaani intaneti inayobebwa na mwanga ndani ya uzi wa kioo, iwe Tudor au Bamburi hapa Mombasa, mara nyingi ina visanduku viwili: modemu, ambamo uzi mwembamba wa faiba unaingia, na ruta uliyojinunulia ili waifai ifike vyumba vya nyuma. Vimeunganishwa kwa waya wa mita moja hivi, kutoka tundu la LAN la modemu (la kutolea intaneti) hadi tundu la WAN la ruta (la kuipokea). Taa ya LOS ya modemu ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye modemu: uzi umekatika, umekunjwa mno nyuma ya kabati, au kichwa chake kimeingia uchafu. Hapo ruta haina kosa, mpigie mtoa huduma. LOS ikiwa imezimika na PON, taa ya mawasiliano na mtoa huduma, imetulia kijani, ilhali taa ya WAN kwenye ruta inazimika kabisa kisha inawaka tena, shuku ule waya mfupi.

Taa zote zikionekana sawa, pima. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, zima waifai ya laptopu, ufungue madirisha matatu ya amri (Command Prompt ya Windows). La kwanza andika ping -t, amri inayouliza bila kukoma kama kifaa kinajibu, na anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1. La pili weka anwani ya modemu. Iko kwenye kibandiko chini yake, na modemu nyingi za Huawei hutumia 192.168.100.1. La tatu weka 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Yaache yaende hadi mtandao ukatike. Dirisha la kwanza likikwama, kasoro iko kati ya laptopu na ruta, au ruta yenyewe imezimika. La kwanza likiendelea na mengine mawili yakikwama kwa wakati mmoja, kasoro iko kati ya ruta na modemu, au modemu yenyewe imezimika. La tatu peke yake likikwama, tatizo liko kwenye uzi wa faiba au nje ya nyumba. (Modemu iliyowekwa kama daraja tu, yaani inapitisha mtandao na kuiachia ruta kazi yote, huenda isijibu kabisa tangu mwanzo, hapo tegemea taa.)

Nje ya nyumba kunaweza kuwa mbali kweli. Mwezi wa Mei 2024, EASSy na SEACOM, nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, zilipokatika, intaneti ya Kenya nzima ilizorota huku taa za majumbani zikiwaka vizuri tu. Na usidhani kuishi Nyali kunakusaidia kwa sababu nyaya hizo zinatua hapa hapa Mombasa. Zikikatika, sote tuko kundi moja na wa Eldoret kule bara.

Turudi kwenye waya, maana ndio mkosaji mkuu wa Pwani. Ndani yake mna nyaya nane. Kasi ya megabiti 1,000 inazihitaji zote nane. Ya megabiti 100 inatosheka na nne, yaani nambari 1, 2, 3 na 6. Ndiyo maana waya ulioanza kuharibika haufi ghafla: kwanza kasi inashuka hadi 100, na siku moja mojawapo ya zile nne ikilegea, mawasiliano yanakatika na kurudi kila ukisogeza meza. Ukurasa wa hali ya ruta (andika anwani yake kwenye kivinjari) hukuonyesha kasi ya tundu la WAN. Ukiona 100 pahali pa 1,000 na vifaa vyote viwili vinaweza 1,000, umeshapata jibu.

Kinachoula ni hewa yetu. Unyevu wenye chumvi huingia kwenye vile vijino vya dhahabu vya kichwa cha waya, na kwenye vichwa vya bei rahisi tabaka la dhahabu ni jembamba mno, kutu ya kijani inatokea. Ubaya mwingine ni nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba. Kwangua kidogo kwa kisu: shaba safi ni nyekundu hadi ndani, ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu, nayo huvunjika ikikunjwa.

Dawa ni kununua waya mpya wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Sioni sababu ya kuhangaika kurekebisha waya wa mita moja. Kama ni mrefu na umepita ukutani, kata sentimita tatu hadi ufikie shaba inayong'aa, ubane vichwa vipya kwa mpangilio mmoja pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13. Matundu nayo yasafishe kwa brashi laini na spiriti isiyo na maji, umeme ukiwa umechomolewa, kisha uyaache yakauke.

Waya mpya na bado? Angalia kwenye ukurasa huo huo wa hali ruta imekaa hewani muda gani tangu iwashwe. Ikiwa kila baada ya kukatika muda unaanza upya, ruta inajizima: kagua adapta yake ya umeme. Adapta ya volti 12 na ampea 0.5 kwenye ruta inayotaka ampea 1 hufanya kazi asubuhi na kuanguka jioni nyumba nzima ikiingia mtandaoni. Kibetri cha akiba nacho kihesabie ampea za vifaa vyote viwili.

Kosa la mwisho halina uhusiano na kutu. Modemu na ruta zote zikitumia 192.168.1.1, ruta haijui mlango wa kutokea uko upande gani. Badilisha anwani ya ruta iwe 192.168.50.1, na uzime waifai ya modemu ili zisipigiane kelele.

Vipimo vikielekeza nje, ingia kwenye ukurasa wa modemu usome nguvu ya mwanga inayopokelewa. Ikisoma -20 dBm, mwanga ni mzuri. Ikikaribia -27 au kushuka zaidi, kama -28, mtajie mhudumu namba hiyo pamoja na saa mtandao ulipokatika, umwombe alete fundi wa faiba.